Baridi au moto? Namna ya kuagiza, kumimina na kulipia bia baa

"Baridi au moto?" Mhudumu huuliza hivyo kabla hujakaa sawasawa kwenye kiti, na wengi hujibu kwa mazoea tu. Jibu hilo linaamua nusu ya ladha utakayoipata, kwa hiyo tulianzie.

Bia "ya moto" haijachemshwa. Ni ile iliyokaa rafuni au kwenye kreti, ikachukua joto la chumba. Ukiwa Dar es Salaam mwezi wa pili, joto hilo hufika nyuzi 30: gesi inakimbia mara tu kizibo kinapotoka, utamu wa shayiri unazidi, na nusu ya pili ya chupa inanyweka kwa shida. Ukiwa Njombe mwezi wa saba mambo ni tofauti kabisa. Bia ya rafuni kule huenda ikawa nyuzi 15 au pungufu, na mzee anayesisitiza kupewa ya moto hajakosea hata kidogo. Anapata harufu ya kimea ambayo friji huificha. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Wachaga, nayo haijawahi kungoja umeme, na haikupungukiwa kitu.

Bia nyingi tunazokunywa, Kilimanjaro, Safari, Serengeti, Tusker, Nile Special, Primus, ni za aina ya lager. Zinapendeza zaidi zikiwa kati ya nyuzi 4 na 7. Chini ya nyuzi 2 ulimi unakufa ganzi na bia zote zinafanana. Kwa hiyo usiseme "ya baridi sana" ukadhani umeomba bora zaidi. Sema: "Ya baridi, ila isiwe imeanza kuganda."

Bia ya asilimia 5 huanza kuganda kwenye nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri. Chupa iliyotoka friza ikiwa na vipande vya barafu ndani ikifunguliwa hububujika mezani, na inayobaki huwa imepoteza gesi na haina uhai. Ukiletewa ya namna hiyo, iache imefungwa kwa dakika 15 au ibadilishe. Kuifungua haraka ni kumwaga hela.

Friji ya baa ina tabia zake. Ile yenye mlango wa kioo hufunguliwa kila baada ya dakika mbili, na chupa mpya huingizwa mbele kwa sababu ndiko mkono unakofika. Siku ya Simba na Yanga, hadi kufika mapumziko friji yote imeshageuka kabati la vuguvugu. Mwombe mhudumu achukue ya nyuma, na ikifika ishike tumboni, siyo shingoni. Shingo hupoa upesi na kudanganya. Tumbo ndiko bia iliko.

Kama mpo kundi na mechi ni kubwa, agizeni mapema ndoo ya barafu. Barafu tupu haitoshi, kwa sababu inagusa chupa sehemu chache tu na katikati panabaki hewa. Jaza ndoo barafu hadi nusu, mimina maji hadi yakaribie kufunika, tia viganja viwili vya chumvi, kisha zamisha chupa hadi mabegani na uzizungushe mara kwa mara. Dakika 20 zinatosha kuitoa chupa ya nusu lita kwenye joto la rafu hadi mahali pazuri. Friji ya kawaida ingehitaji saa kadhaa. Maji ya ndoo hiyo yana chumvi, basi futa mdomo wa chupa kabla ya kumimina.

Chupa ifunguliwe mbele yako

Huu ni utaratibu wa zamani, na hata baa zilizogeuka lounge, zenye taa za rangi na makochi, hazina sababu ya kuuacha. Kwanza unajua hakuna kilichoongezwa. Pili unasikia: chupa nzima hutoa mlio mkali mfupi, na mlio hafifu au ukimya maana yake kizibo kilikuwa kinavuja. Tazama mdomo wa chupa kabla ya kumimina. Chupa zetu hurudi kiwandani kuoshwa na kujazwa tena, zikizunguka miaka, na mikanda myeupe iliyokwaruzika ubavuni ni alama ya umri tu. Lakini mdomo uliomeguka ni kosa. Mara nyingi hutokea pale mtu anapofungua chupa kwa chupa nyenzake, na kipande cha kioo kinaweza kuwa ndani. Hiyo hainywewi, hata ukiambiwa ichujwe.

Soma na tarehe. Lager haizeeki vizuri kama mvinyo. Iliyokaribia mwisho wake, hasa ikiwa imeshinda juani, huanza kuonja kama boksi lililoloa. Na kuna ubaya mwingine unaokuja haraka zaidi: jua. Mwanga hugongana na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake, na kuzalisha harufu kali inayofanana na ya kicheche. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ya kijani, kama ya Heineken, na isiyo na rangi huzuia kidogo sana. Ukikaa bustanini saa 8 mchana na chupa ya kijani, iweke upande wa kivuli cha meza. Dakika chache za jua kali zinatosha kuiharibu.

Glasi na povu

Watu wengi hunywa moja kwa moja kutoka chupani kwa kuogopa glasi, na mara nyingi wana haki. Glasi iliyofutwa kwa kitambaa kilekile kilichofuta meza ya kitimoto ina mafuta yasiyoonekana, na mafuta ndiyo adui mkubwa wa povu. Ipime hivi: omba maji safi kidogo, zungusha ndani, mwaga. Maji yakitelemka kama pazia moja, glasi ni safi. Yakijikusanya matone matone, ina mafuta au sabuni. Baada ya kumimina utaona pia: mapovu yaliyonata ukutani chini ya bia ni uchafu, hata kama mtu atakuambia ni dalili ya gesi nyingi.

Ikiwa safi, iloweshe kidogo kwa maji baridi, kisha iinamishe karibu nusu ya kulala. Mimina taratibu ubavuni hadi theluthi mbili. Hapo isimamishe wima, umalizie katikati ili povu lipande. Lenga unene wa vidole viwili. Povu hilo lina kazi: linabeba harufu, na linatoa sehemu ya gesi ambayo vinginevyo ingekwenda kukujaza tumbo. Anayemimina bila povu kabisa, akijisifu hakupoteza hata tone, atacheua usiku kucha.

Bia ya moto hutoa povu jingi zaidi, kwa hiyo imimine polepole. Chupa iliyotoka kwenye gari la mizigo sasa hivi nayo ipumzike kwanza. Glasi iliyogandishwa friza inapendeza kwenye picha, ila chembe za barafu ukutani hulipua povu, na zikiyeyuka zinaongeza maji. Glasi zetu nyingi hazimezi nusu lita nzima, basi usiijaze pomoni: mimina theluthi ya chupa, rudishia kizibo juu ya mdomo dhidi ya inzi, na chupa ibaki mbali na joto la jiko.

Ya bomba

Kenya ndiko kegi, yaani bia ya pipa, ilikoshika mizizi hasa, tangu Senator Keg ilipoingia sokoni mwaka 2004 kwa unafuu wa kodi ili kuwavuta wanywaji wa pombe haramu. Bia ya pipa ni tamu kuliko ya chupa ikiwa mpya na mipira inayoipitisha hadi bombani ni safi, na ni mbaya kuliko chupa yoyote ikiwa kinyume chake. Usikubali glasi ya kwanza ya siku. Hiyo imelala ndani ya mpira tangu jana. Uliza pipa limefunguliwa lini, na mipira inaoshwa kila baada ya muda gani; wiki moja hadi mbili ni jibu zuri, kigugumizi ni jibu baya. Ukionja siagi au siki, vijidudu vimeshajenga nyumba mle ndani. Badili uagize chupa.

Usisahau saa. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2010, baa hufunguliwa saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana wikiendi na sikukuu.

Hesabu ya kilaji

Chupa si chupa. Kilimanjaro ya nusu lita, asilimia 4.5, ina takriban gramu 18 za kilevi. Safari, asilimia 5.5, inakaribia gramu 22. Primus ya Kongo au Rwanda, chupa kubwa ya sentilita 72 kwa asilimia 5, inafika gramu 28. Mwili wa mtu mzima huchoma kati ya gramu 7 na 10 kwa saa, wala supu, kahawa au maji ya kuoga havibadilishi kitu. Mtu aliyezoea Kili tatu akienda Bukavu akanywa Primus tatu amekunywa karibu Kili tano, na miguu itamjulisha. Kunywa glasi ya maji kati ya chupa na chupa. Nyama choma ina chumvi, na chumvi inakuhimiza unywe upesi kuliko unavyojua.

Kuhusu nyama, iagize kabla ya bia ya kwanza. Kilo ya mbuzi inachukua dakika 45 hadi saa nzima jikoni, na anayekumbuka kuagiza akiwa chupa ya pili huila akiwa ya tano. Nenda mwenyewe buchani, chagua kipande, simamia mizani. Kilo moja mbichi yenye mifupa inatosha watu watatu pamoja na ndizi choma na kachumbari.

Bili

Zamani chupa tupu zilibaki mezani au chini ya meza, na bili ilikuwa kuhesabu tu. Sasa kwenye sehemu za kisasa mhudumu huziondoa mara moja, meza inabaki safi na kumbukumbu yako nayo inasafishwa. Weka vizibo. Kimoja kwa kila chupa, kwenye kisahani, hadi mwisho. Ofa uliyomtumia rafiki meza ya pili isemee palepale, "hiyo ni yangu, moja tu," la sivyo meza nzima itakunywea. Mkiwa wengi, kila mtu alipe raundi yake inapofika. Bili moja ya saa 6 usiku imevunja urafiki mwingi.

Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Liwe la biashara. Ukipewa namba binafsi ya mtu "kwa sababu ile ya baa ina tatizo la mtandao", lipa taslimu. Omba risiti ya mashine, halafu ilinganishe na vizibo vyako kabla hujainuka.

Gari libaki hapo, au uje bila gari. Dereva wa bodaboda mtazame usoni kwanza, maana wapo wanaosubiria abiria wakiwa na chupa zao. Na kama unataka kubeba mbili za nyumbani, kumbuka chupa si yako: utaacha dhamana kaunta, au uje na tupu mbili za kubadilishana, za aina ileile, zisizomeguka mdomo.