Nyuzi za gita la besi: zibadilishwe lini, na vipi

Uzi wa gita la kawaida ukichoka hukatika, na mpigaji hana budi kufunga mwingine. Uzi wa besi ni mnene mno kukatika ovyo. Hukaa kwenye gita miaka mitatu, ukizima kidogo kidogo, na hakuna anayegundua kwa sababu masikio ya kila mtu yanazoea pamoja nao. Ndiyo maana katika makanisa mengi ya Nairobi utakuta tribo (kitufe cha sauti za juu) ya amplifaya ya besi imefunguliwa hadi mwisho, fundi wa sauti analalamika kwamba besi haisikiki ila inavuma tu, na pesa zinatafutwa za kununua spika mpya. Kasoro iko kwenye nyuzi.

Muda wa kuzibadilisha hauamuliwi na kalenda. Unategemea saa unazopiga, jasho la mikono yako, aina ya nyuzi, na sauti unayoitaka.

Uzi unachoka vipi

Uzi wa besi una waya wa chuma katikati, uliozungushiwa waya mwingine kwa nje, safu moja au zaidi. Katikati ya mizunguko hiyo huingia jasho, mafuta ya vidole na ngozi iliyokufa. Uchafu huo hubana mizunguko na kuongeza uzito pasipo usawa. Zinazokufa kwanza ni zile sauti za juu zinazoandamana na noti, zile zinazofanya besi isikike wazi katikati ya kinanda na ngoma. Noti yenyewe inabaki, lakini inabaki butu.

Kuna madhara ya pili, yasiyosafishika. Kila unapobonyeza uzi, freti, kile kichuma kilicholala kukatiza shingo, inauchonga upande wa chini. Baada ya miezi kadhaa vinatokea vishimo vidogo, hasa kati ya freti ya 1 na ya 7 ambako mkono unaishi. Penye kishimo uzi si mnene sawa na kwingineko, kwa hiyo unaweza kutyuni uzi ukiwa wazi, ukatyuni na freti ya 12, na bado noti ya freti ya 3 ikatoka imepinda. Uchafu huoshwa. Vishimo haviponi, na uzi wa namna hiyo haustahili kuoshwa wala kubembelezwa.

Muda wenyewe

Nyuzi nyingi zinazouzwa madukani ni za raundi, yaani zile zenye mikwaruzo ukizipitishia kucha. Mwako wake wa kwanza, yaani ule mng'ao wa sauti, hupungua ndani ya saa chache za kupiga, kisha sauti inatulia na kukaa vizuri kwa muda mrefu zaidi. Anayerekodi studio na anataka mwako ule hufunga seti mpya siku moja kabla ya kazi. Anayepiga kwa kugonga uzi kwa kidole gumba na kuuvuta kwa kidole kingine, au anayeipeleka sebene ya sifa kwa kasi, ataanza kuona tofauti baada ya wiki mbili hadi nne. Mpigaji wa bendi ya hoteli au wa kanisa lenye ibada mbili kila Jumapili na mazoezi katikati ya wiki anaweza kutegemea miezi miwili hadi mitatu. Anayepiga nyumbani nusu saa kwa siku, mikono yake ikiwa mikavu, atafika miezi sita hadi mwaka.

Gita la kanisa linalopigwa na watu watatu wanaopokezana ni jambo jingine. Linabeba jasho la mikono mitatu, halifutwi na yeyote kwa kuwa si la mtu, na baada ya kesha moja ya Ijumaa linakuwa limefanya kazi ya wiki nzima. Ukate muda huo kwa nusu.

Nyuzi za flati, zilizozungushiwa utepe bapa na kuteleza kama kioo, zina maisha tofauti kabisa. Hazina mifereji ya kushika uchafu, hazina mwako wa kupoteza, na wengi huziona zikipendeza zaidi baada ya wiki kadhaa za kuzoeleka. Hukaa miaka. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, alijulikana kwa kutobadilisha flati zake labda uzi ukatike. Kwa hiyo ukiwa unapiga zilizopendwa au rumba ya taratibu na unataka besi ya mviringo inayokaa chini ya sauti za waimbaji, nunua flati mara moja usahau. Kufunga raundi na kungoja zichakae ili zisikike kama flati ni ujanja wa bei rahisi, lakini utapata ububu na vishimo pamoja.

Zipo pia nyuzi zilizopakwa utando mwembamba wa kuzuia jasho. Ni ghali zaidi na hudumu mara kadhaa kuliko za kawaida. Kwa mtu ambaye mikono yake huloa, hesabu yake inalipa.

Jinsi ya kujua bila kubahatisha

Siku unapofunga seti mpya, rekodi sekunde 30 kwa simu: kila uzi ukiwa wazi, kisha freti ya 5, kisha ya 12. Kila mwezi rekodi tena, gita na amplifaya zikiwa na mpangilio uleule. Sikiliza kwa hedifoni, kwa maana spika ya simu haitoi E ya besi, uzi mnene kuliko wote kwenye besi ya nyuzi nne, ambayo ni hezi 41 hivi. Tofauti itajionyesha yenyewe.

Kisha chunguza uzi. Pitisha kucha upande wa chini juu ya kila freti. Ikikwama, hicho ni kishimo. Angalia madoa meusi au ya kahawia. Piga haramoniki ya freti ya 12 (gusa uzi kidogo juu ya freti bila kuubonyeza, upige, uachie), halafu bonyeza freti hiyohiyo. Zikitofautiana leo ilhali mwezi uliopita zililingana, na hakuna aliyegusa daraja (kile kipande cha mwilini kinachoshika mwisho wa nyuzi), uzi umechoka. E hutangulia kwa kawaida, na B kwenye besi ya nyuzi tano, kwa sababu waya wake mnene una mifereji mipana. G hudumu zaidi. Hata hivyo badilisha seti nzima: E mpya kando ya A iliyokufa husikika kama magita mawili.

Kununua

Pima kwanza kutoka kwenye nati, kile kipande chenye mikato pale shingo inapokutana na kichwa, hadi juu ya freti ya 12. Ukipata sentimita 43 hivi, besi yako ni ya inchi 34 kutoka nati hadi daraja, iliyo ya kawaida. Ukipata sentimita 38, ni fupi ya inchi 30 na inahitaji nyuzi zake. Angalia pia kama nyuzi zinapita mwilini kutokea nyuma. Kama ndivyo, hakikisha seti inafaa kwa gita la namna hiyo.

Seti ya kawaida ya nyuzi nne imeandikwa 45-105: G ni 0.045 ya inchi, D 0.065, A 0.085 na E 0.105. Ya tano, B, mara nyingi ni 0.130. Kaa na unene ule uliokuwa nao, la sivyo shingo itahitaji kurekebishwa. Za chuma kisichoshika kutu zinang'aa zaidi kwa sauti, lakini zinakula freti; za chuma kilichopakwa nikeli ni laini kidogo na ndizo zinazofaa wengi.

Madukani katikati ya jiji, bandia zipo. Omba kufunguliwa pakiti kabla ya kulipa. Mizunguko iliyoachana, waya uliofifia, au kipete cha mwisho (kile kinachonasa kwenye daraja) kilicholegea ni sababu ya kurudisha. Pakiti ya plastiki iliyofungwa kabisa ni bora kuliko bahasha ya karatasi iliyokaa rafuni, kwa kuwa uzi hushika kutu hata kabla ya kuguswa.

Kufunga

Fanya kazi hii Alhamisi au Ijumaa kama unapiga Jumapili. Nyuzi mpya hulegea siku ya kwanza, na hakuna aibu kama besi inayoteremka katikati ya wimbo wa kwanza.

Legeza uzi wa zamani kabisa kabla ya kuutoa. Usiukate ukiwa umekazwa: nyuzi nne kwa pamoja huvuta shingo kwa nguvu ya kama kilo 75, na ncha ikiruka inaelekea usoni. Badilisha mmoja mmoja ili shingo isishtuke. Ukitaka kuzitoa zote usafishe ubao wa freti, ni sawa, ila liache gita litulie baada ya kulitia nyuzi kabla ya kurekebisha lolote.

Ingiza uzi mpya kwenye daraja, vuta kipete kikae vizuri, kisha uulaze hadi kwenye kikazio chake, kile cha kichwani unachozungusha kutyuni. Uache ujizungushe huru kabla ya kuufunga. Uzi uliofungwa ukiwa umejipinda hutoa sauti mbili zinazogombana, na watu huutupa wakidhani ni mbovu. Ukikutana na hali hiyo, ufungue, uuache ujinyooshe, uurudishe.

Pima sentimita 10 hadi 13 kupita kikazio. Hapo ndipo wengi huharibu: kunja uzi kwa pembe ya digrii 90 kwanza, kwa koleo, ndipo ukate mbele ya mkunjo. Ukikata uzi ulionyooka, mizunguko ya nje inaweza kuachia waya wa katikati, na uzi ukafa kabla haujapigwa hata noti moja. Ncha iliyokunjwa tumbukiza kwenye tundu la katikati la kikazio, kisha kaza huku mizunguko ikishuka chini, mmoja chini ya mwingine. Miwili hadi mitatu inatosha. Ikiwa mmoja tu, uzi utateleza. Ikiwa mitano, itapandana na gita halitakaa kwenye tyuni. Kushuka huko kuna kazi yake: kunaukandamiza uzi kwenye nati, na bila hivyo uzi wazi utavuma kama nzi. Nyuzi za E zenye nyuzinyuzi za rangi upande wa kichwa, hakikisha rangi hiyo imeipita nati, isilalie juu yake.

Ukishatyuni, bonyeza kila uzi kwa kidole gumba mbele ya nati na mbele ya tandiko, yaani kile kichuma kidogo cha daraja ambacho uzi hulalia. Uzi mnene hupita hapo kwa upinde, na upinde huo hukufanya utafute kasoro isiyokuwepo. Halafu ushike kwenye freti ya 12, uvute taratibu kutoka kwenye gita, tyuni tena. Rudia mara tatu au nne, hadi usiteremke. Kila mara panda hadi kwenye noti kutoka chini. Ukizidisha, shuka uipite kisha urudi juu.

Baada ya hapo

Bonyeza E kwenye freti ya 1 na ya mwisho kwa wakati mmoja, uangalie mwanya juu ya freti ya 7 au ya 8. Unataka milimita 0.3 hadi 0.4, unene wa kadi ya biashara. Ukiwa mkubwa zaidi, kaza chuma cha shingo, kile kinachopita ndani yake, kwa ufunguo wa aleni, robo mzunguko tu kwa mara moja, ungoje, upime tena. Kikigoma, usilazimishe; mpelekee fundi. Nairobi ina miezi mikavu ya Januari na Februari halafu mvua za Machi hadi Mei, na shingo ya mbao huisikia tofauti hiyo, kwa hiyo usishangae mwanya kubadilika pasipo kuguswa.

Mwisho linganisha haramoniki ya freti ya 12 na noti iliyobonyezwa hapohapo. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha tandiko nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, lilete mbele. Legeza uzi kila unaposogeza. Kazi hii ifanywe kwa nyuzi mpya pekee. Ukiifanya kwa zilizochakaa, unapima vishimo.

Kuziongezea maisha

Nawa mikono kabla ya kupiga, hasa baada ya nyama choma. Ukimaliza, bana kila uzi kwa kitambaa kikavu cha pamba, juu na chini, kutoka daraja hadi nati. Dakika moja hiyo inafanya kazi kuliko dawa yoyote ya chupa. Ukirudi na gita kutoka Mombasa, lifute usiku uleule: hewa ya chumvi haingoji.

Nyuzi za raundi zilizokufa kwa uchafu, zisizo na vishimo, zinaweza kufufuliwa. Watu huzichemsha, na hupata siku chache za mwanga, lakini maji yanabaki ndani ya mizunguko na kutu inaanza kutoka katikati. Spiriti ni bora. Nunua bomba la plastiki la maji la robotatu inchi, urefu wa mita 1.2, pamoja na vifuniko viwili. Gundisha kimoja, weka nyuzi zikiwa zimenyooka, jaza spiriti (chini ya nusu lita inatosha), funga, uache saa 12 hadi 24. Zitoe, futa kwa nguvu hadi kitambaa kisitoke cheusi, anika saa moja. Fanya hivyo dirisha likiwa wazi, mbali na jiko la gesi na sigara, kwani moto wa spiriti huonekana kwa shida. Flati na nyuzi zenye utando usizitie humo.

Uzi hauvumilii kufungwa na kufunguliwa bila mwisho. Pale ulipokunjwa kwenye kikazio hudhoofika, na mara mbili au tatu ndio mpaka wake. Seti iliyotolewa ikiwa bado haina vishimo, ioshe, izungushe kwa duara pana, uiweke kwenye mfuko wa gita pamoja na koleo na aleni. Siku uzi wa G utakapokatika kwenye shughuli ya Jumamosi usiku, maduka yote yakiwa yamefungwa, hiyo ndiyo itakayomaliza onyesho.