Somo: Kupima mbawakawa wanavyokula mbegu za magugu

Mbawakawa wa ardhini ni wale weusi wanaong'aa: ukiinua donge la udongo au majani makavu, wanatimua mbio. Wengi huwinda viwavi na konokono, lakini wamo wanaotafuna mbegu. Njia ninayoieleza hapa imetumika miaka mingi kwenye mashamba ya nafaka Ulaya, na vifaa vyake unavipata duka la mtaani.

1. Mbegu. Chukua za mchicha pori kutoka shamba hilohilo, usije ukaingiza gugu geni. Zipepete, mapepe yatoke.

2. Kadi. Kata msasa vipande vya ukubwa wa kiganja. Paka gundi kiasi, bandika mbegu 30, kisha nyunyiza mchanga mkavu ili miguu ya wadudu isinase. Gundi ikizidi, mbegu inazama na mdudu anashindwa kuing'oa.

3. Kuweka. Kila kituo kadi tatu, zikae sawa na uso wa ardhi, ukizibana kwa misumari. Ya kwanza iache wazi. Ya pili ifunike kwa wavu wa waya wenye matundu ya milimita 12 hivi: panya na ndege hawapiti, mbawakawa wanapita. Ya tatu ifunge ndani ya kitambaa cha chandarua, asiifikie mdudu yeyote.

Hiyo ya tatu nawasihi msiiache. Mimi niliiacha mara ya kwanza. Usiku wa pili mvua ikanyesha, asubuhi nikakuta kadi karibu tupu, nikaandika kwamba mbawakawa wamekula. Nilipopekua tope kando ya kadi, mbegu zilikuwa pale pale, nyeusi, nzima.

4. Hesabu. Baada ya siku tatu hesabu zilizobaki. Tuseme kwenye chandarua zimebaki 27, chini ya waya 18. Zilizoliwa ni 9 kati ya 27, yaani asilimia 33. Usigawanye kwa 30. Zile tatu zimechukuliwa na mvua na upepo.

5. Nani kala? Fukia kikombe cha plastiki, mdomo usawa wa ardhi, weka majani makavu ndani, kikague kila alfajiri. Utakaowakamata wafungie mmoja mmoja kwenye kopo lenye pamba yenye unyevu, wakae na njaa saa 24, kisha wape mbegu 20. Vaa glavu: wale wakubwa wenye madoa meupe hurusha asidi inayochoma macho.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nitajuaje kama si sisimizi?*
Marahaba. Tazama kadi kwa lenzi. Mbawakawa huvunja mbegu palepale na kuacha vipande vya ganda. Sisimizi huibeba nzima. Ila usiku mmoja kaa na tochi uone mwenyewe.

*Mkuu, naweza kupima kiduha kwa njia hii?*
Hapana. Mbegu ya kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, ni kama vumbi, haifiki nusu milimita. Huwezi kuibandika wala kuihesabu kwa macho.

*Nimeshapiga dawa ya viwavi. Niendelee?*
Dawa nyingi za viwavi huua na mbawakawa. Weka kwanza mitego ya vikombe ya hatua ya 5. Ikitoka mitupu siku kadhaa, hamia shamba ambalo halijapigwa. Na palizi ifanye baada ya kupima, kwa sababu jembe hufukia mbegu na hawa hula zilizo juu ya udongo.