Bushi za springi za mbele kwenye Land Rover 109: kukagua na kubadilisha

Land Rover 109 ya Series III ikianza kutangatanga barabarani, wengi hukimbilia kununua shokapu. Anza na bushi, yaani vile vibomba vya chuma na raba ambamo bolti za springi hupita. Kila upande wa mbele una bushi tatu: mbili kwenye macho ya springi (matundu ya ncha zake mbili), na moja kwenye pua ya chesisi, pale vinaponing'inia vile vibamba viwili vinavyoshika springi. Jumla sita, lakini si saizi moja: nne za springi, mbili za chesisi. Nunua na bolti mpya kabisa.

Kukagua, gari libaki chini kwa matairi yake. Mtu mmoja atikise usukani kulia na kushoto, wewe utazame chini. Springi ikicheza pembeni ndani ya vibamba, au bolti ikiwa imelalia upande mmoja wa jicho, raba imekwisha. Pitisha kitambaa kwenye springi karibu na senta bolti, ile inayofunga mabapa ya springi pamoja katikati: kikinasa, huenda kuna bapa lenye ufa.

Kisha inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi za hab. Ukibaki, ni kingpini, yaani pini ambazo gurudumu huzungukia ukipinda usukani, na hiyo ni kazi nyingine. Bushi mpya hazitaiponya.

Kufungua: weka stendi chini ya chesisi, nyuma ya springi, na jeki chini ya ekseli. Shusha ekseli polepole mpaka springi ilegee, huku ukiangalia paipu ya breki isivutike, kisha fungua bolti za U zinazoifunga springi kwenye ekseli. Sasa inakuja bolti ya springi, ambayo kwa kawaida imeshikana kwa kutu na bomba la ndani la bushi. Nyundo itakupotezea asubuhi nzima na kupinda vibamba. Ikate kwa msumeno wa chuma pande zote mbili, kati ya jicho na kibamba.

Bushi yenyewe ni bomba la chuma ndani, raba katikati, bomba la chuma nje. Toboa raba kwa drili mpaka bomba la ndani litoke. Wengine huichoma, moshi wake ni mchafu, tena joto kali hulegeza chuma cha springi. Ingiza ubao wa msumeno ndani, ulikate bomba la nje kwa urefu. Hapa taratibu: chuma kikianza kubadilika rangi ya mng'ao, umefika kwenye jicho, acha. Lipinde kwa tindo litoke. Safisha jicho, pakaza mafuta kidogo, ingiza bushi mpya kwa presi au jiliwa kubwa, ukisukuma bomba la nje tu. Ukisukuma la ndani, unaichana raba kabla gari halijatembea.

Wakati wa kurudisha, usibadilishane springi. Ya upande wa dereva imepinda zaidi. Kichwa cha senta bolti kikae kwenye tundu lake la ekseli. Kibamba cha ndani kina nyuzi: kaza bolti kwanza mpaka ibane bomba la ndani la bushi, nati ya kufungia ifuate. Ukikaza nati peke yake, bushi inabaki huru.

Lakini ukazaji huo usiufanye gari likiwa hewani. Hapo ndipo bushi nyingi mpya hufia. Raba imeshikamana na mabomba yote mawili. Ukiibana springi ikiwa imening'inia, gari likishuka raba inasokotwa, inabaki hivyo siku zote, na inachanika mapema. Acha bolti za macho zikiwa zimeshika tu, shusha gari, litikise juu chini mara kadhaa, ndipo uzikaze.

Bolti za U zikaze kwa zamu, pembe kwa pembe, na uzirudie baada ya siku moja ya barabara ya vumbi. Zikilegea, senta bolti hukatika, ekseli inarudi nyuma upande mmoja, na gari linatembea kama kaa.