Jinsi ya Kusoma Deni katika Hesabu za Uingereza ya Zama za Kati

Anayetaka kuelewa deni la mfanyabiashara wa Uingereza wa karne ya 13 hana budi aanze na sarafu. Kabla ya Mfalme Edward I kurekebisha sarafu kuanzia mwaka 1279, iliyozunguka mikononi mwa watu ilikuwa karibu peni ya fedha peke yake, na aliyehitaji nusu aliikata vipande. Shilingi, yenye peni 12, na pauni, yenye shilingi 20, zilikuwa vipimo vya kuhesabia tu. Kwa hiyo geuza kila kiasi kiwe peni kabla ya kukilinganisha na kingine.

Hatua inayorukwa mara nyingi, nayo kwangu ndiyo yenye faida kubwa zaidi, ni kutafuta marki, kipimo cha peni 160. Tuseme umekuta "iiij li. xiij s. iiij d.": li. ni pauni, s. ni shilingi, d. ni peni, na j ya mwisho ni i iliyorefushwa. Hizo ni pauni 4, shilingi 13 na peni 4, yaani peni 1,120. Gawanya kwa 160, utapata marki 7 kamili. Kiasi kilichoonekana kama matokeo ya kuvutana bei hadi peni ya mwisho kumbe kilipatanwa kwa namba nzima.

Ikiwa deni limechongwa kwenye kijiti cha hesabu, ambacho upana wa kila mkato ulionyesha kiasi, soma kuanzia mkato mpana. Richard FitzNeal, mweka hazina wa Mfalme Henry II, anaeleza kwamba pauni 1,000 zilikatwa kwa upana wa kiganja, pauni 100 kwa upana wa kidole gumba, pauni 20 kwa upana wa kidole cha mwisho, na pauni 1 kwa unene wa punje ya shayiri iliyokomaa, ilhali peni ilikuwa chale tu isiyotoa mbao. Kisha kijiti kilipasuliwa kwa urefu: kipande kirefu kilibaki kwa aliyetoa fedha, kifupi kwa aliyezipokea. Vikiunganishwa, mikato sharti ilingane.

Mwisho, angalia kama deni liliandikishwa. Kwa sheria ya mwaka 1283 iitwayo Acton Burnell, kwa jina la kijiji ilikotungwa, mdaiwa alikiri deni mbele ya meya, na siku ya kulipa ikipita bila malipo mali yake inayohamishika iliuzwa. Siku hiyo huandikwa kwa jina la sikukuu: ya Mtakatifu Mikaeli ni tarehe 29 Septemba daima, lakini ya Pasaka lazima uikokotoe kwa mwaka wake.