Kufuga kori Dar: angalia chini, angalia joto

Wauza samaki wa mapambo wakijua una tenki watakwambia ongeza kori (Corydoras) wawili wakufagilie chini. Kori sio mfagiaji bana, kinyesi cha wenzake hali, na ukimwachia mabaki ya guppy, wale samaki wadogo wa juu, tu atakonda huku unamwangalia. Hawa ni kambale wadogo wa Amerika Kusini, wengi wao sentimita 5 hadi 7, wanaishi kwa makundi kwahiyo anza na sita wa aina moja, wakiwa wawili wanajificha nyuma ya jiwe mchana kutwa.

Tenki refu la kwenda juu halina faida, yeye anatumia sakafu. Fundi wa vioo mtaani kwako anakukatia sentimita 60 kwa 30 kwa 30, hiyo ni lita 54, mwambie tu gundi ya silikoni iwe ile isiyo na dawa ya ukungu. Maji peke yake hapo ni kilo 54, kistendi cha tivi kinachotikisika sahau.

Sasa mchanga, hapa ndo penyewe. Kori anazamisha pua mpaka karibu na macho, anabugia mchanga, anachambua cha kula halafu mchanga unamwagikia kwenye mashavu, mtu unaweza ukakaa unamwangalia ukasahau chai. Ukimwekea kokoto zenye ncha anashindwa kufanya hivyo na sharubu zinaumia, na mchanga mchafu nao unazila vilevile. Wa Coco Beach usiuguse, una chumvi na vipande vya makombe vinavyofanya maji yawe magumu, yaani ya chokaa nyingi. Chukua wa mto ule laini wa ujenzi, chekecha, osha mpaka maji yatoke meupe.

Maji ya bomba ya DAWASA yana klorini, weka dawa ya kuiondoa. Visima vingi vya Dar vina chumvi, kama ukionja unaisikia basi hayafai, kori na chumvi haviendani. Tenki jipya liache filta ifanye kazi wiki nne mpaka sita huku unatia chakula kidogo bakteria wa kusafisha maji waote, pima amonia na naitraiti, sumu za uchafu wa samaki, zote zisome sifuri ndo ulete samaki. Baada ya hapo badilisha robo ya maji kila wiki.

Hita usinunue. Shida yetu ni kinyume, kori wengi wanapenda nyuzi 22 hadi 26 na chumba cha Dar mwezi wa kwanza kinakupa maji ya 29, 30 bila kuomba. Kwahiyo chagua aina ya sterbai, yule mwenye madoa meupe kichwani na mapezi ya rangi ya chungwa, anavumilia mpaka 28, kori wa aina ya panda mwachie mwenye AC. Weka kafeni kadogo kanapuliza juu ya maji, unyevu wetu unaipunguzia nguvu ila digrii moja mbili zinashuka. Maji ya moto yanashika hewa kidogo, umeme ukikatika usiku filta inazima na hapo ndo wanakufa, tafuta pampu ya hewa ya betri mapema. Kupanda juu mara mojamoja kugugumia hewa ni kawaida yao, wanaivuta kwa utumbo, ila wakipanda kila saa na mashavu yanapiga harakaharaka badilisha maji sasa hivi.

Chakula: tembe zinazozama, uwape ukishazima taa, wa juu wamelala. Nyungunyungu wa bustanini isiyopigwa dawa, ukimwosha na kumkatakata, watamgombania. Ukitaka kuwahamisha tumia kikombe, miiba ya mapezi inanasa kwenye wavu na inachoma vidole. Na kambale wa kwetu wa mabwawani usimchanganye nao, atawameza.

Ukibadilisha maji kwa ya baridi kidogo, hasa masika, usishangae kesho yake kukuta mayai kwenye kioo, kwao mvua ndo msimu wa kutaga. Wazazi watayala, yasukume taratibu kwa kidole uyaweke kwenye chombo chenye maji ya tenki na kijiwe cha hewa, kile kinachotoa mapovu. Yanayogeuka meupe yatoe yasiambukize mengine ukungu, mazima yanaanguliwa siku 3 hadi 5, na watoto usiwalishe mpaka kile kifuko cha kiini tumboni kiishe.