Namna ya kufuatilia historia ya bustani ya burudani ya enzi za tramu

Anza na kampuni ya tramu, bustani itafuata. Nyingi ya bustani hizi za Marekani zilianzishwa na kampuni za tramu za umeme kuanzia miaka ya 1890. Siku za kazi mabehewa yalijaa, Jumapili yakatembea matupu. Dawa ikawa kuweka burudani mwisho wa reli: kivuli, ziwa, bendi, ukumbi wa dansi, farasi wa mbao wa kuzunguka. Kiingilio mara nyingi kilikuwa bure, kwa kuwa pesa ilishaingia kwenye nauli. Kennywood, karibu na Pittsburgh, ilianzishwa hivyo mwaka 1898 na Monongahela Street Railway. Kampuni hizi ziliungana na kubadili majina kila mara, basi andika majina yote kwa mpangilio wa miaka kabla ya kutafuta chochote.

Jina la bustani lenyewe ni mtego. Baada ya maonyesho ya dunia ya Chicago ya 1893 zilizuka bustani nyingi zenye jina White City, na zenye jina Luna Park nazo zikafuata ile ya Coney Island, New York, ya 1903. Frederick Ingersoll, mjenzi wa bustani hizi, peke yake alifungua Luna Park mbili mwaka 1905, Pittsburgh na Cleveland. Usitafute jina bila mji.

Kwenye magazeti ya zamani (Chronicling America, hifadhi ya magazeti ya Marekani mtandaoni, ni bure), anzia mwishoni mwa Mei, msimu ulipokuwa ukifunguliwa. Kompyuta husoma vibaya herufi zilizofifia, kwa hiyo jaribu pia jina la ziwa au la kituo.

Ramani za bima ya moto za Sanborn zina kipimo cha inchi 1 kwa futi 50: waridi ni matofali, njano ni mbao. Nakala zilizotoka kwenye mikrofilamu ni nyeusi na nyeupe, hivyo rangi hazipo. Tena Sanborn walichora zaidi sehemu zilizojengwa. Bustani ya nje ya mji inaweza kukosekana kabisa. Hapo tumia ramani za USGS (shirika la serikali ya Marekani la upimaji wa ardhi), fuata reli hadi mwisho, utafute kitanzi cha kugeuzia tramu.

Postikadi igeuze. Kama nyuma yote ni ya anwani tu, aina hiyo ilichapwa kabla ya Machi 1907. Yenye mstari katikati ni ya baadaye. Muhuri wa posta unakuambia siku ilipotumwa, si siku ya picha. Wachapaji walirudia picha ileile miaka mingi.

Ukiona rola kosta (gari la burudani linalopanda na kushuka kwa kasi kwenye reli), tazama kingo za njia. Zile za kale, kama Leap-the-Dips ya Altoona ya 1902, zina mbao ndefu pande zote mbili za kuzuia gari lisitoke, kwa sababu hazina magurudumu ya chini ya reli. John Miller alipata hataza ya magurudumu hayo mwaka 1919, ndipo miteremko mikali ikaenea. Mteremko mkali kwenye picha inayodaiwa kuwa ya 1905 ni sababu ya kuikagua upya.