Jinsi ya kuomba kipimo cha vinasaba ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Kabla ya barua na nauli, tuondoe kwanza hoja moja inayovunja nyumba za watu: "Mimi kundi A, mama yake B, mtoto kapimwa ni O, basi si wangu." Anaweza kuwa wako kabisa.

Jeni ya kundi la damu ni maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya, na kimeng'enya ni protini. Seli inanakili maelekezo hayo tu, nakala inatoka nje ya kiini, kisha ribosomu, mashine ndogo ya seli, inasoma herufi zake za kikemia tatu tatu. Kila tatu zinaleta asidi amino moja, yaani pingili moja ya protini, mpaka mnyororo ukamilike. Kimeng'enya cha A hubandika sukari ya aina yake juu ya chembe nyekundu, cha B aina nyingine. Kwa O, mara nyingi ni herufi moja tu imedondoka. Ni kama kuruka tarakimu moja kwenye kumbukumbu namba ya malipo: zote zinazofuata zinasogea, malipo hayapiti. Kimeng'enya kinatoka kifupi, hakifanyi kazi. Sasa baba wa A na mama wa B kila mmoja anaweza kubeba jeni moja mbovu ya namna hiyo kando ya nzima bila kujua, mtoto akarithi ile mbovu kwa kila mmoja.

Kama shaka bado ipo, nenda kwenye DNA.

Usianzie maabara. Chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, mtu binafsi haombi mwenyewe. Anaombewa na mamlaka kama mahakama, polisi, wakili au afisa ustawi wa jamii. Kwa walio wengi njia nyepesi ni ustawi wa jamii wa halmashauri yako, uwe Tukuyu, Mafinga au Makambako. Mweleze yote, hata yanayotia aibu. Kama mwanaume mwingine anayetajwa kuwa baba ni mdogo wako wa damu, sema mapema, maana ndugu hufanana vinasaba na wataalamu wanapaswa kujua. Hakikisha barua inataja majina ya wote watakaopimwa na uhusiano unaobishaniwa, yakiandikwa kama yalivyo kwenye vitambulisho.

Barua hiyo inapelekwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya kanda Mbeya mjini. Lipa kwa kumbukumbu namba, usimpe mtu fedha mkononi. Nendeni pamoja, na mtoto. Nywele ulizozikata usiku mwenzio amelala hazitakusaidia: sampuli huchukuliwa kwa ridhaa, mbele ya mtaalamu. Kinachochukuliwa ni mpanguso wa ndani ya shavu au tone la damu, na yote mawili yanatosha.

Maabara haitafuti jeni za protini. Inahesabu vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, kwenye sehemu ambazo seli haizitumii kutengeneza protini. Mtoto hupata idadi moja kwa mama, nyingine kwa baba. Kwa hiyo usitegemee majibu hayo yakuambie habari za selimundu, ugonjwa unaotokana na jeni ya protini.

Majibu hurudi kwa mamlaka iliyoomba, si kwenye simu yako. Usiende kuyasikiliza peke yako. Mchukue mjomba au shangazi anayejua kunyamaza.